Mwanamke Aliyebaki Kwenye Kiti

Al-Hamra, Jeddah

Kwako Dada Mghoi,

Kifua kimetulia? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili, ukaniambia ni moshi wa kuni mbichi tu. Sikukuamini, na bado sikuamini. Mwachie Shali kibanda cha chai asubuhi moja uende hospitali wakusikilize mapafu. Mama naye, nyonga yake inamruhusu kwenda kanisani au bado anasali kitandani? Na mvua je, imeshapanda huko milimani? Nauliza mengi kwa pamoja kwa sababu majibu huchukua muda kunifikia.

Mimi ni mzima. Joto la hapa nimelizoea kama mtu anavyozoea mwenye nyumba mkali: unajifunza saa za kumkwepa. Kazi ni ile ile ya udereva, na nyumba ni ile niliyohamishiwa kutoka Riyadh. Nakula, nalala, na Ijumaa napata ruhusa ya kutoka.

Barua hii nimempa msichana aliyesimama mbele yako sasa. Mkaribishe akae, mmiminie chai, kisha uendelee kusoma. Anaitwa Wakesho, binti wa yule fundi viatu wa Mwatate, na tumefanya kazi nyumba moja zaidi ya mwaka. Najua maneno yaliyomtangulia. Wakala aliyempatia kazi alimpigia baba yake simu akamwambia kwamba binti yake amempoteza mama mzee wa watu, na kwamba siku hizi anaona watu wasiokuwepo. Neno kama hilo likitoka Mwatate, hadi lifike Wundanyi limeshaota mkia na pembe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu ungesikia nusu, mtandao ungekatika, na hiyo nusu ingekuwa mbaya kuliko kutosikia kabisa. Soma yote, Dada, halafu nakuomba uende naye kwa baba yake ukamsomee na yeye.

Nyumba yetu haina watu wengi. Kuna bosi, ambaye sote twamwita Baba. Yeye anashughulika na makaratasi ya mizigo bandarini, na mara kwa mara husafiri kwenda Riyadh. Kuna Madam, mke wake. Na kuna mama mzazi wa Baba, tunamwita Hajja. Ni mzee sana, mwembamba, sauti yake laini, na ana ule ugonjwa wa kusahau. Leo anakujua, kesho anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kazi kubwa ya Wakesho ilikuwa kumtunza. Uani pana kiti chake cha mbao chenye mto wa kijani, chini ya turubai la kivuli. Hapo ndipo alipokuwa akishinda na tasbihi yake.

Kwa sababu ya Hajja, na tuseme kweli, kwa sababu yetu sisi wafanyakazi pia, nyumba nzima ina kamera. Uani, getini, jikoni, ngazini, kila upande. Picha zote huingia kwenye kompyuta moja iliyofungiwa kabatini chini ya ngazi. Sebuleni kwa Madam kuna skrini kubwa, na jikoni kuna ndogo, ili Wakesho akiwa anapika amwone Hajja aliye uani. Baba na Madam huziona hata kwenye simu zao wakiwa mbali. Pembeni mwa picha kuna saa, inakwenda hadi sekunde.

Jambo lenyewe lilianza jikoni, siku ya kawaida kabisa, muda mfupi baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa naosha gari nikamsikia Wakesho. Hakupiga kelele hasa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Nilipoingia nilimkuta amejibana kwenye jokofu, upawa mkononi unadondosha mchuzi sakafuni. Katikati ya jikoni alikuwa amesimama Hajja, anakunywa maji taratibu.

"Mwadime," Wakesho akaniambia kwa Kitaita, bila kumwondolea Hajja macho. "Tazama skrini."

Nikatazama. Hajja alikuwa amekaa uani. Shela yake nyeupe, tasbihi mkononi, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Saa ya pembeni ilikuwa inakwenda, sekunde baada ya sekunde. Na Hajja huyo huyo alikuwa mbele yangu, maji yanamchuruzika kidevuni.

Nikachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Nikarudi kwenye skrini. Kiti kilikuwa na mtu.

Hajja akageuka kuona tunachokitazama. Akasogea karibu, akakaza macho, akanyoosha kidole.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, Hajja," nikasema.

"Mimi niko hapa," akasema bila hasira. "Huyo mwanamke amekaa kwenye kiti changu."

Dada, unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuchota maji mtoni peke yangu wenzangu wakiogopa. Lakini nywele za mikononi zilinisimama mchana kweupe, nje jua likiwaka.

Madam alimwita fundi wa kampuni iliyofunga zile kamera. Akaja, akazima kompyuta, akaiwasha, na yule Hajja wa kwenye skrini akatoweka. "Halas, yamekwisha," akasema fundi, akanywa kahawa akaenda zake. Siku chache zikapita, likatokea tena. Fundi akaja, akazima, akawasha. Likatokea tena. Wakati mwingine tuligundua baada ya muda mfupi, wakati mwingine sijui tulikuwa tumetazama picha ya mtu asiyekuwepo kwa muda gani. Wakesho akaacha kuiamini ile skrini, akawa anatoka uani kila baada ya kukoroga sufuria, kwenda kuhakikisha kwa macho yake.

Aliyebadilika zaidi ni Hajja. Aliacha kukaa. Alikuwa akifika hadi kwenye mlango wa uani, anasimama, anakitazama kile kiti kitupu kama unavyotazama kiti chenye mgeni. Wakesho akimwambia, "Karibu, Hajja, ukae," yeye hujibu kwa sauti ya chini, "Kina mtu." Wakati mwingine akipita jikoni huitolea salamu skrini, "Assalamu alaikum," kisha anangoja. Alikuwa akingoja kweli, Dada, mkono kifuani, kama mtu mwenye adabu zake asiyejibiwa.

Madam alimwita shekhe akasoma Kurani nyumba nzima, chumba hadi chumba. Alikuwa mtu mpole. Alipomaliza alimwambia Madam kwamba maneno ya Mungu ni ponyo, lakini mashine nayo itafutiwe fundi anayeijua. Mtunza bustani alikuwa ameshaeneza kwamba nyumba ina mtu wa pili. Mimi niliyekuwa nafanya kazi kwenye saiba ya Voi, duka la intaneti, niliyekuwa nawacheka watu walioogopa printa, niliacha kukatiza uani.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Baba alikuwa Riyadh. Nilikuwa nimempeleka Madam kumjulia hali shangazi yake aliyejifungua, mbali kidogo na kwetu. Nilikuwa nangoja garini, simu yangu ikaita. Wakesho. Alikuwa anahema.

"Hajja hayupo. Nimetafuta chooni, chini ya vitanda, juu darini. Hayupo!"

Nikaenda kubisha mlangoni, Madam akatoka. Nikamweleza. Kabla sijamaliza alikuwa ameshafungua simu yake. Akaitazama, akashusha pumzi, kisha uso ukawaka hasira.

"Hayupo vipi? Si huyu hapa? Namwona kwa macho yangu, amekaa na tasbihi yake. Huyo msichana amerukwa na akili?"

Akanionyesha. Kweli, Hajja alikuwa kitini. Shela nyeupe, kichwa kimeinama, saa ya pembeni inakwenda. Nikaweka simu yangu kwa sauti ili Madam asikie mwenyewe.

"Wakesho," nikamwambia, "Madam anamwona Hajja uani. Kitini."

Halafu nikasikia malapa yake yanakimbia kwenye vigae, mlango ukafunguka, na mbao zikalia.

"Madam," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, polepole, "mimi nimekaa kwenye kiti sasa hivi. Mimi. Unaniona?"

Tuliinamia simu wote wawili. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti ni Hajja.

"Nimeinua mkono," Wakesho akasema. "Unauona mkono wangu?"

Hakuna mkono ulioinuka. Madam alitoa sauti nisiyoweza kuiandika, simu ikamponyoka ikaanguka kwenye mlango wa gari. Nilipoiokota ndipo nikaona kivuli. Jua lilikuwa limeshaelekea baharini, lakini kwenye picha kivuli cha turubai kilikuwa kimelala pale kinapolala adhuhuri. Nikajua kwamba tunachokitazama kimeshapita. Tangu lini, hatukujua.

Sikumbuki nilivyoendesha. Wakesho hakutungoja. Wafanyakazi wa ndani hawaruhusiwi kutoka getini bila idhini, na yeye alilijua hilo. Alitoka hivyo hivyo na nguo za jikoni, akawa anauliza kwenye kila geti yuko wapi, "Hajja? Fen Hajja?" Ni yeye aliyempata. Tulipofika alikuwa kwenye jumba linalojengwa mitaa michache kutoka kwetu, ameketi chini kwenye vumbi la saruji na miguu ya Hajja mapajani mwake, anaimwagia maji. Mlinzi wa pale, mzee wa Kiyemeni, alikuwa amemkalisha Hajja kivulini bila kujua ni wa nani. Hajja alikuwa ametembea peku kwenye lami ya mchana. Nyayo zake, Dada, niache nisizieleze.

Madam alipiga magoti, akamkumbatia, analia. "Kwa nini umetoka, Mama? Ulikuwa unakwenda wapi?"

Midomo ya Hajja ilikuwa imepasuka. Akajibu kama mtu anayeeleza jambo la wazi.

"Nimemwachia akae. Watu wawili hawawezi kukaa kiti kimoja."

Alilazwa hospitali. Baba alirudi na ndege ya kwanza, na kitu cha kwanza alichokitaka ni picha za mchana ule, aone mama yake alitokaje. Hazikuwepo. Asubuhi ilikuwepo, watu wanapita, paka anaruka ukuta, kisha muda wote wa mchana ulikuwa tupu kama jino lililong'olewa. Akampigia fundi. Fundi akamjibu kwamba kama hakuna picha basi kuna mtu aliizima mashine kwa mkono wake. Na aliyekuwa nyumbani alikuwa mmoja tu.

Wakesho alinyang'anywa simu, akaambiwa asitoke chumbani kwake. Alipojitetea kwamba alikuwa akiwaona Hajja wawili wiki nyingi sasa, ndipo likazaliwa lile neno la wazimu. Baba akasema atarudishwa ofisi ya wakala Riyadh, na kama Hajja akifa, habari itafika polisi. Unajua maana ya hilo hapa? Msichana wa Mwatate, pasipoti iko kwenye droo ya kafili, mwajiri aliyemdhamini, lugha haitoshi hata kueleza kichwa kinavyouma.

Nililala vibaya. Asubuhi nilimkuta Baba uani, amesimama mbele ya kile kiti.

"Baba, naomba kusema neno."

"Sema."

"Kama mashine ilikuwa imezimwa, Madam alimwona nani kwenye simu?"

Aligeuka akanitazama. Nikadhani nimejiharibia.

"Basi wewe unasema ni nini? Jini?"

"Sijui, Baba. Nipe ufunguo wa kabati nijue."

Akanipa. Nadhani na yeye alikuwa anataka kujua, na aliogopa kuanza peke yake.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa na akili nyingi. Kwanza nilidhani nafasi ya kuhifadhia picha imejaa, nikafuta za zamani. Baada ya siku chache ikaganda. Nikadhani ni joto la kabati, nikaweka feni na kuacha mlango wazi. Ikaganda. Kila ilipoganda nyumba ilibadilika. Mlio wa ile kompyuta ulikuwa unapungua, na kwenye skrini mambo yote yanatulia: pazia limesimama katikati ya upepo, ndege ametua ukutani na hataki kuruka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata zamani kamera zote zilikuwa zinaganda pamoja. Ila ngazi tupu ikiganda, nani atajua? Tulimwona Hajja tu kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na mtu wa kulinganishwa naye.

Ijumaa nikaenda Bani Malik, kule wanakopanga Wakenya wengi. Kuna Msudani anaitwa Idris, anatengeneza simu kwenye kibanda cha ukubwa wa kabati. Nilimweleza yote, hata sehemu ya Hajja kutoa salamu. Hakucheka.

"Umeangalia memori?" akaniuliza.

"Nimefuta picha zote."

"Hiyo ni ghala, ndugu yangu. Mimi nauliza meza ya kufanyia kazi."

Nikueleze kama alivyonieleza, kwa namna ya kibanda chako. Wewe una vikombe. Mteja akija unampa kikombe, akiondoka unakiosha, kinarudi. Sasa fikiria kuna mteja mmoja anatoka mlangoni na kuingia tena, anatoka na kuingia, na kila akiingia wewe unamwona mgeni, unampa kikombe kipya. Cha zamani kimebaki mezani na hakuna anayekikusanya. Mwisho vikombe vyote vimekwisha, nawe umesimama birika mkononi, huwezi kumhudumia yeyote. Programu yetu ilikuwa hivyo. Ilikuwa inachukua memori na hairudishi, na ikikwama, inabaki imeishikilia picha ya mwisho iliyokuwa nayo, huku saa ikiendelea kwenda.

"Mtafute huyo mteja," Idris akasema. "Zima kamera moja moja. Ile ukiizima na memori ikaacha kupanda, ndiyo hiyo."

Nikafanya hivyo. Siku moja kamera ya geti, siku nyingine ya jikoni, nyingine ya uani. Kila siku nilikuwa nafungua ile sehemu inayoonyesha memori iliyotumika, na kila siku ilikuwa imepanda, pole pole, kama maji kwenye chumba kilichofungwa. Zikaisha zote ninazozijua. Memori ikapanda tu.

Ndipo nikautazama ule mraba mweusi.

Kwenye skrini, kona ya chini, kulikuwa na mraba mweusi ambao sote tulidhani hauna kamera. Nilipoukodolea macho niliona si mweusi wakati wote. Unakuwa mweusi kabisa, halafu unakuwa mweusi wa kijivu kidogo kama chumba chenye giza, halafu unazima tena. Nikamwita Baba. Alipouona alikaa chini kwenye ngazi.

"Hicho ni chumba cha marehemu baba yangu," akasema.

Baba yake alifariki kabla sijaja Jeddah. Alipokuwa mahututi walimwekea kamera ili wamwangalie. Alipokufa wakafunga mlango, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Tulipanda pamoja, tukamkuta Madam ameshika ufunguo, na yeye hakutaka kuingia. Baba akafungua. Harufu ya udi wa zamani na dawa. Kitanda kimetandikwa. Juu ya kabati, taa nyekundu ndogo ilikuwa inawaka, inazima, inawaka. Waya wake ulikuwa umelegea, na upepo wa eyakondisheni kutoka ukumbini uliopenya juu ya mlango ulikuwa unautikisa. Tangu waya ulegee ilikuwa inafumba na kufumbua, inakitazama kitanda kisicho na mtu, na kila ikifumbua, kule chini kompyuta inaipokea kama mgeni mpya.

Baba alinyoosha mkono akauchomoa waya mwenyewe. Akabaki ameushika.

Tukashuka. Memori ikasimama pale pale. Kesho yake, pale pale. Wiki ikapita, pazia linapepea, ndege wanaruka. Lakini Baba ni mtu wa mizigo, hakubali kitu asichokifungua. Akaniambia, "Huenda ni bahati tu. Rudisha waya, nione." Nikarudisha. Memori ikaanza kupanda mbele ya macho yake.

Siku memori ilipojaa hatukuwa tunaingoja. Baba alikuwa ametoka uani na kahawa yake, akakaa kwenye kiti cha mama yake, nadhani bila kufikiri. Baadaye akaingia jikoni kurudisha kikombe. Nilikuwapo. Nikamwona anaitazama skrini, na kikombe hakukiweka chini.

Kwenye skrini alikuwa bado amekaa uani, kikombe kimefika mdomoni.

"Audhu billahi," akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa anajua sababu yote, alikuwa ameushika ule waya kwa mkono wake, na bado alirudi nyuma hadi akafika ukutani. Kisha akaniambia nimwite Wakesho.

Wakesho alikuja akasimama mlangoni. Baba hakumtazama usoni, alikuwa anakitazama kiti kupitia dirishani.

"Ulikuwa unamwona mama yangu hivi? Peke yako, kila siku?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hukukimbia."

"Ningemwacha na nani?"

Baba alitoka. Aliporudi alikuwa na simu ya Wakesho na pasipoti yake, akaviweka mezani. Akasema kosa lilikuwa la mashine, na la kuiamini mashine kuliko mtu lilikuwa la kwao. Akasema akitaka kukaa akae, akitaka kwenda atamlipia safari na kumgongea muhuri wa kutoka nchini. Mbele yetu akampigia wakala akamwambia afute maneno yake. Wakala sijui kama alifuta. Madam naye alikuja baadaye chumbani kwa Wakesho, wakakaa wawili, sikusikia walichosema.

Hajja amerudi nyumbani. Nyayo zimepona, ila anatembea kwa kushikiliwa. Mto wa kijani umehamishiwa ndani. Juzi Wakesho alimpitisha jikoni, wakasimama mbele ya skrini, ambayo sasa inaonyesha kinachotokea sasa. Hajja akainua mkono wake, "Assalamu alaikum." Na kwenye mraba wa jikoni yule mwanamke wa shela nyeupe akainua mkono wake. Hajja akacheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu nimjue. "Leo ameitikia," akatuambia.

Wakesho alikwenda chumbani akaanza kufunga mizigo. Hakuwa na hasira na mtu. Aliniambia tu kwamba hawezi tena.

Basi huo ndio ukweli, Dada. Hakumpoteza mtu, alimtafuta na akampata. Na alichokiona, mimi nilikiona, Madam alikiona, na Baba alikiona akiwa ndani yake. Ukimsomea baba yake, hapo soma mara mbili.

Nisalimie Mama, mwambie nitapiga simu Jumapili baada ya ibada. Msalimie shemeji yangu na misumeno yake, na Shali, mpwa wangu, mwambie hesabu za kibanda zisimfanye aache za shule. Bibi Mkamburi, mkunga wetu, mpe mkono wangu. Mzee Righa wa kwaya mwambie sauti ya nne naiimba garini peke yangu.

Neno la mwisho ni la huyu mgeni wako. Utamwona ana tabia moja. Akikukuta umekaa kimya, hasa ukiwa umeinamisha kichwa, atakuja polepole na kukugusa bega au mkono, halafu atasimama tu hapo. Hata mimi alikuwa ananifanyia hivyo. Usishtuke, na usimcheke. Tikisika kidogo, mtazame, umwambie, "Ni mimi, nipo." Ataondoa mkono mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Mwadime